Bibi alipokuwa akenda senema: majumba ya zamani ya Unguja na yalikoishia

Wiki hii nilikuwa nimewaahidi achari ya embe, na embe ninazo jikoni zinanitazama, lakini nimeziahirisha. Jumamosi nilipita Vuga na binti yangu mdogo, tunatoka kwa daktari wa meno, akanionesha lile jengo kubwa lililochakaa karibu na barabara. "Mama, hii ilikuwa nini?" Nikamwambia ilikuwa sinema, ikiitwa Majestic. "Na wewe ulikuwa ukiingia?" Nikamwambia mie sikuwahi, lakini bibi yangu ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mambo hayo. Alicheka hadi akashika shavu lake lenye ganzi. Yeye bibi yangu alimkuta yuko kitandani, na tasbihi mkononi na msala pembeni. Hawezi kumfikiria katika kiti cha sinema.

Nami nilipofika nyumbani nikaona hili si jambo la kumalizia njiani. Wengi wetu tunapita mbele ya majengo haya kila siku, tunaingia kununua sabuni na maziwa ya unga, wala hatujui kwamba mama zetu na bibi zetu walikaa humo wakilia kwa sauti.

Basi tuanze mwanzo. Filamu zilifika Unguja mapema, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, zikija na watu wa kupitapita wenye mashine zao waliozishusha melini, wakatandika shuka au wakapiga hema, wakaonesha siku chache kisha wakaondoka. Aliyeifanya biashara ya kudumu ni Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa Kihindi wa hapa hapa Unguja, mmoja wa watu wa kwanza Afrika Mashariki nzima kuingiza filamu na kuzisambaza. Ukumbi wake mkubwa, Royal, ulifunguliwa Vuga mwaka 1921. Aliyeuchora ni John Sinclair, yule yule Mwingereza aliyepata kuwa Rezidenti na aliyetuachia Mahakama Kuu na Beit el Amani. Kwa hiyo ukitazama picha za zamani za Royal usishangae kuona sura ya udugu na majengo hayo.

Royal baadaye ikaitwa Majestic. Miaka ya 1950 ikateketea kwa moto, na mwaka 1955 likafunguliwa jengo jipya pahala pale pale, safari hii kwa mtindo wa kisasa wa wakati huo, wenye mistari iliyonyooka na kona za duara. Mchoraji alikuwa Dayalji Pitamber Sachania. Hilo ndilo jengo alilolionesha binti yangu. Darajani, mkabala na soko, kulikuwa na Empire. Na Malindi, upande wa kwenda bandarini, ikajengwa Sultana, ambayo wengi wenu mtaijua kwa jina lake la pili, Cine Afrique. Pemba nako hakukuachwa nyuma, Wete na Chake Chake zilikuwa na sinema zao. Kwa visiwa vidogo kama hivi, ni majumba mengi.

Ninachokipenda zaidi katika historia hii ni jinsi biashara yenyewe ilivyoendeshwa. Filamu za Kihindi zilikuja kwa meli kutoka Bombay, na mara nyingi nakala ilikuwa moja tu. Nakala hiyo ilizunguka: Unguja, Pemba, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa. Filamu moja ilikuwa na mikanda kadhaa, kila mmoja katika kopo lake la bati. Sasa ikiwa filamu ni ya moto na watu wa mji mzima wanaitaka usiku mmoja, wenye sinema walikuwa wanaionesha katika kumbi mbili kwa pamoja. Vipi, na nakala ni moja? Ukumbi wa kwanza ulitangulia kidogo. Mkanda ukimalizika, kijana anautia kwenye kapu la baiskeli na anakwenda nao mbio kwenye ukumbi wa pili, kisha anarudi kuchukua mwengine. Hivyo usiku kucha, vichochoro vya Mji Mkongwe vikiwa vyembamba vile mnavyovijua. Baiskeli ikipata pancha, au kijana akakutana na mkokoteni wa mtu mahali pasipopishana, ukumbi mzima unabaki gizani unapiga miluzi.

Bibi alikuwa akisema "senema", na mpaka anafariki hakubadilisha. Alizaliwa Mkunazini, akasoma chuoni kwa mwalimu wake mpaka akahitimu, kisha akapelekwa skuli miaka michache. Skuli ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliokubali, kwa shingo upande. Alipovunja ungo akatolewa, akavaa buibui, akawa haendi popote isipokuwa kwa jamaa, harusini na matangani. Na senema.

Wale wasiojua watashtuka hapa. Wenye majumba, ambao hawakuwa wajinga, walielewa kwamba nusu ya mji imekaa ndani. Wakaweka maonesho ya wanawake watupu, wenyewe wakiyaita zanana. Siku hiyo mlangoni hapiti mwanamume. Wanawake wa Kiarabu, wa Kihindi, wa Kingazija, wa Kiswahili, matajiri na wafanyakazi wao wa ndani, wote wameingia humo. Buibui zinafunguliwa, asumini zinanukia, watoto wachanga wako mapajani, kashata zinapita kutoka kiti hadi kiti. Bibi alisema nusu ya utamu ilikuwa kabla taa hazijazimwa, maana ndipo unapomwona mwari aliyefungiwa, na mke mpya wa fulani, na nani amevaa dhahabu ya kuazima.

Nilimuuliza siku moja, "Na yule anayeendesha mashine kule juu, bibi, naye mwanamke?" Akanitazama kama mtu aliyekamatwa. "Yule alikuwa anatazama senema yake," akasema. "Sisi hatukumtazama."

Lugha haikuwa tatizo. Filamu za Kihindi hazikuwa na maandishi ya Kiswahili, lakini kila safu ilikuwa na mtu anayefahamu, naye anafasiri kwa sauti, na aliyekaa mbele anapeleka mbele. Tafsiri ikifika safu ya kwanza huenda imeshakuwa hadithi nyengine. Tena watu walirudia filamu moja mara tatu, mara nne, mpaka Kihindi chenyewe kikaingia. Bibi alikuwa akiimba nyimbo nzima bila kujua maana ya neno hata moja, na hapo ndipo uelewe kwa nini taarabu yetu ina nyimbo nyingi ambazo Mhindi akizisikia anageuka kutazama nani anaimba. Za Misri nazo zilikuja, na Umm Kulthum hakuwa sauti ya santuri peke yake, maana aliigiza filamu sita kati ya mwaka 1936 na 1947, na Mohammed Abdel Wahab naye akawa na zake. Watu wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichokuwepo tangu 1905, macho na masikio yao yalikuwa Cairo muda mrefu kabla ya hapo.

Lakini filamu ya bibi ilikuwa moja, nayo ni Awara, ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka India mwaka 1951. Bibi aliitazama Empire. Kama hamjaiona, kisa chake ni hiki. Jaji mmoja mwenye heshima zake, mkewe anatekwa na majambazi. Anarudishwa, na ana mimba. Watu wanaanza kunong'ona, na yule jaji, ambaye kazi yake ni kupima ushahidi, anamfukuza mkewe bila ushahidi wowote. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia uchochoroni, anakuwa mwizi. Baadaye anafikishwa mahakamani mbele ya baba yake, na anayesimama kumtetea ni mwanamke, wakili, ndiye Nargis.

Mfikirie sasa ukumbi wa wanawake wa Unguja miaka ya 1950 unatazama kisa hicho. Humo ndani wamo wanawake walioachwa kwa neno la jirani. Bibi alisema pale jaji anapomfungia mkewe mlango palitoka kilio, na mwanamke mmoja safu za nyuma akasimama akaanza kumlaani yule jaji kwa jina la mume wake mwenyewe. Watu walimjua mume. Kesho yake ilikuwa ndiyo habari ya mji. Wiki nzima mabarazani na visimani watu walihojiana, mtoto wa mwizi lazima awe mwizi? Au ni malezi? Na mume anayemdhania mkewe vibaya bila shahidi, dini inamwambia nini? Bibi yangu, aliyetolewa skuli akiwa na miaka kumi na mbili, alinieleza hukumu ya kumsingizia mwanamke mwenye heshima zake kwa mara ya kwanza akinisimulia Awara. Aya ya Surat Nnur nikaja kuisoma baadaye chuoni, nikaona ninaijua.

Kuhusu wakili, alisema jambo moja tu. Kwamba walipotoka siku ile, dada yake alimuuliza kama kweli kuna mwanamke anayevaa joho lile. Mahakama Kuu ya Unguja siku hizo ilikuwa Vuga, si mbali na sinema ya Majestic, na wote wawili walikuwa wameshapita mbele yake mara nyingi.

Baadaye ikaja Mother India, ya mwaka 1957, Nargis tena, safari hii mama anayempiga risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu amemteka msichana wa kijiji. Bibi hakuipenda. "Mama gani yule," alisema, kisha baada ya muda, "lakini alikuwa na haki."

Msidhani ilikuwa rahisi. Wapo masheikh waliozisema sinema kwenye mimbari, na wapo waume waliokataza. Babu hakukataza lakini hakupenda, naye alikuwa na kaka yake aliyekuwa akija kila Ijumaa jioni kukumbusha moto. Ramadhani kumbi zilipoa. Idd zilifurika, watoto na pesa zao za sikukuu wakisukumana dirishani, na walanguzi wa tiketi wakiwauzia kwa bei ya kuruka. Bibi alijiwekea sheria zake mwenyewe: hatokosa sala kwa ajili ya senema, hatompeleka mwari bila ya idhini ya mama yake, na kama kuna busu atainamisha kichwa. Filamu za Kihindi za siku zile zilimwepushia usumbufu huo wa tatu, maana wakikaribiana tu, pahala pa busu panakuja maua.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ikayachukua majumba. Sultana jina lake halikuweza kubaki, ndipo ikawa Cine Afrique. Huu ndio wakati wa mama yangu, na kumbukumbu zake ni nyengine kabisa. Yeye hasimulii zanana, anasimulia kwenda usiku na kaka zake, kukaa juu au chini kwa mujibu wa pesa, akina Bruce Lee, na vijana wanaotoka wakipigana mateke mpaka Darajani. Anasimulia pia woga. Mapema miaka ya 1970 suruali pana na sketi fupi zilipigwa marufuku hapa, na ukitoka sinema huku umevaa ulivyoviona ndani ungeweza kukutana na mtu wa kukukata suruali. Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ikaja kushika uingizaji wa filamu. Pesa za kigeni zikawa adimu. Filamu mpya zikapungua, mikanda ikachakaa, sauti ikawa inakatika, vipuri vya mashine havipatikani. Watu waliendelea kwenda kwa sababu hapakuwa na pengine.

Kisha pakawa na pengine. Unguja tulipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote mpaka mwaka 1994. Nyumba yenye televisheni ikawa baraza. Ila mwuaji wa kweli, kwa maoni yangu, ni dekki ya video. Miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, jamaa wa Dubai na Maskati wakawa wanarudi na dekki na makasha ya kanda, na filamu ya Amitabh iliyotoka juzi ikawa sebuleni kabla haijafika ukumbini, kama ingefika. Wanawake tulikuwa wa kwanza kuhama, na sitatulaumu. Ndani ya nyumba hakuna wa kukusema, chai ipo, mtoto analala, ukitaka kulia unalia. Lakini kulikuwa na watu wanane sebuleni pahala pa mia kadhaa, na wote ni jamaa zako. Yule mwanamke wa safu ya nyuma angesimama kumlaani nani, na mbele ya nani?

Hayo majumba yakaishia wapi? Empire ya Darajani ikawa duka. Nimenunua humo mafuta ya kupikia mara nyingi bila kuinua kichwa. Cine Afrique ilikuwa miongoni mwa za mwisho kuonesha filamu, nayo hatimaye ikaingia katika mipango ya maduka. Majestic ikabaki Vuga, ikizeeka. Si sisi peke yetu. Dar es Salaam walikuwa na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa miaka ya 1960 na kupendwa mno na familia. Uwanja wake wa Msasani leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani.

Filamu zenyewe zilirudi kwa mlango mwengine. Tamasha la ZIFF lilianza kuonesha mwaka 1998, na kwa miaka mingi pazia jeupe limesimama Ngome Kongwe chini ya nyota. Nimekwenda mara kadhaa. Ni jambo zuri, na wamejitahidi kupeleka filamu mpaka mashamba. Lakini mama yangu nilipomchukua alikaa saa moja, akasema baridi, akasema watu wengi hawajui, akataka kurudi. Hakuna aliyekuwa amemfukuza. Hakuona tu kwamba pahala pale palikuwa pake.

Na hili ndilo linalonifanya niandike. Kwa muda sasa kuna watu wanaohangaika kuifufua Majestic iwe kituo cha utamaduni, na mie nawaombea dua. Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha haishikilii ukuta. Sote tulishuhudia tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib ilivyoporomoka na kuua watu wawili waliokuwa humo kazini. Jengo likiachwa, linaanguka, na jengo la sinema lina upana mkubwa usio na nguzo katikati.

Lakini wakilifufua, nataka kuuliza mapema, maana wakati wa kuuliza ni kabla ya saruji kukauka. Wanawake watakaa wapi? Sisemi watengwe. Nasema yule mama wa Kwahani mwenye buibui na watoto watatu, asiyekwenda mikahawani, ambaye baada ya Isha hawezi kutoka, yeye atakuwa na siku yake? Kutakuwa na pahala pa kusali, na choo cha wanawake chenye maji? Tiketi itakuwa bei ya mgeni au ya mwenyeji? Wafanyabiashara wa zama za ukoloni, waliokuwa wakitafuta faida tu, walilifikiria swali hilo wakalipatia jibu. Nitaona haya wenzao wa leo, wenye wafadhili na michoro ya kompyuta, wakilisahau. Kama yupo dada anayesoma hapa na anakaa kwenye vikao hivyo, naomba alipeleke.

Bibi katika miaka yake ya mwisho aliingiwa na wasiwasi. Mtu mmoja katika jamaa, kijana aliyerudi masomoni, alimwambia kwamba kila saa aliyokaa senema ataulizwa. Aliacha kuimba. Akawa ananiita usiku ananiuliza, "Mwanangu, unadhani Mungu atanisamehe senema?" Sikuwa na elimu ya kumjibu. Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa chuo, mwanamke mzee kuliko yeye, mwenye kuheshimiwa Malindi nzima, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza bibi yako ni nani, nikamtaja. Akasema, "Mwambie aombe maghfira kama sote tunavyoomba, na Mola ni mwingi wa rehema." Nikashukuru, nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Na umuulize," akasema, "kama anamkumbuka aliyekuwa akimfasiria Awara."

Nilimpelekea bibi salamu zote mbili. Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Kisha akaanza kunisimulia upya tangu mwanzo, kwenye mlango wa nyumba ya jaji, na usiku ule alilala bila kuniita.

Achari ya embe wiki ijayo, inshaallah.